Jiwe la Nane

Mzee Gindu hakukaa. Nilimwonyesha kiti mara mbili, na mara zote mbili alikitazama tu. Kisha alitia mkono kwenye mfuko wa kulia wa koti lake la kaki, akatoa kijiwe cheupe na kukiweka mezani, kati ya chai yangu na kofia ya vihisio niliyokuwa naifuta kwa spiriti.

"Hili limebaki, daktari."

Mimi si daktari. Nimesema hivyo kwa miaka sita hapa Kituo cha Utulivu, na kwa miaka sita hakuna mchimbaji aliyenisikiliza. Mimi ni mkufunzi wa mawimbi. Nawafundisha watu kuutuliza ubongo wao wenyewe. Jina langu ni Adventina, na siku ile nilikuwa bado najiona mtu wa maana sana.

"Limebaki wapi, mzee?"

"Mfukoni. Jumanne tulishindilia mashimo nane. Yakalia saba."

Hapo nilipaswa kushtuka, maana nimeishi na wachimbaji na nayajua mambo yao. Makampuni makubwa siku hizi huchimba kwa mashine zisizo na mtu ndani, lakini kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, bado mwamba unapasuliwa kwa baruti na utambi. Tambi hukatwa urefu tofauti ili kila shimo lilie, yaani lilipuke, kwa zamu yake. Mzee Gindu ndiye mhesabuji. Shimo likishindiliwa baruti, anatia jiwe mfuko wa kulia. Shimo likilia, analihamishia jiwe mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukiwa mtupu, watu wanashuka. Likibaki jiwe hata moja, hashuki mtu mpaka kesho yake, kwa sababu chini kuna baruti ambayo haijasema neno lake.

"Nikawaambia hakuna kushuka," Mzee Gindu aliendelea. "Wote wakakaa. Nkwabi akainuka, akakung'uta suruali, akashuka."

"Labda hakukusikia."

"Alinisikia. Alinijibu kabisa, 'Pumzika mzee wangu, kumetulia.' Akarudi baada ya robo saa na utambi uliozimika mkononi, anatabasamu. Anatabasamu, daktari! Mimi huku juu nilikuwa nimeshajikojolea." Alilisema hilo bila aibu yoyote. "Kazi hii nilimfundisha mimi. Nilimchagua kati ya vijana kumi na wanne kwa sababu alikuwa mwoga kuliko wote. Sasa niambie, mmemfanya nini?"

Nilimjibu kama anavyojibu mtu aliyeguswa penye kidonda.

"Tumemponya, mzee."

Alivaa kofia yake, akaondoka. Jiwe aliliacha pale pale.

*

Wakati ule, ukiingia kituoni kwetu, kitu cha kwanza ulichokiona ukutani kilikuwa mchoro wa mawimbi ya Nkwabi Lushinge. Upande wa kushoto ulikuwa ubongo wake miaka mitatu iliyopita, mistari imesimama kama miiba ya nungu. Upande wa kulia ulikuwa ubongo ule ule baada ya masomo arobaini. Wageni walipigwa picha hapo. Chini yake kulikuwa na jina langu.

Miaka mitatu iliyopita duara lilimfunika Nkwabi na wenzake wawili kwa saa thelathini na moja. Wenzake walikufa kabla hajafikiwa. Alitoka bila mfupa uliovunjika, lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyeaga asubuhi. Alilala mlango ukiwa wazi. Hakuvumilia kufunikwa shuka. Siku moja binti yake Holo, wakati huo ana miaka minne, aliangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake. Nkwabi aligeuka na kumrusha mtoto ukutani kabla hajajua ni nani. Mfupa wa bega la Holo ulivunjika. Kesho yake mkewe, Sayi, alimleta kwangu akiwa amemshika mkono kama mfungwa.

Kofia yetu haiingizi kitu kichwani, inasikiliza tu. Ubongo hutoa umeme mdogo sana, unaopanda na kushuka kwa mawimbi, na ndani kabisa kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayopiga kelele ya hatari. Mtu hawezi kuiamuru inyamaze. Lakini ukimjulisha papo hapo inapopoa, na ukamtuza kila inapopoa, ubongo hujifunza wenyewe, kama mtu anavyojifunza kuendesha baiskeli bila kuweza kueleza alivyojifunza. Kofia za zamani zilisikia juu juu. Za kwetu zinafika mpaka kwenye lozi, na hapo ndipo tulipovimba vichwa.

Shida kwa Nkwabi ilikuwa tuzo. Wengine tunawatuza kwa sauti ya mvua, ndege au muziki laini. Yeye mvua ilikuwa changarawe inayoporomoka. Ndege walikuwa mbao zinazolia kabla ya kukatika. Kila sauti ilimrudisha shimoni. Wiki nne nzima alitoka jasho na mimi nikatoka machozi, ndipo nikapata wazo nililojisifia nalo kuliko lolote maishani. Niligeuza mambo. Nilimwekea mngurumo mzito masikioni, na kila lozi ilipopoa, mngurumo ulikatika. Tuzo yake ikawa kimya.

Katika somo la tatu la njia hiyo alilala kitini. Katika somo la kumi na tano alimbeba Holo mgongoni kutoka getini mpaka mlangoni kwangu, wote wawili wanacheka. Nililia mbele za watu. Baada ya masomo arobaini alipewa Cheti cha Utulivu, ambacho kwa sheria ya sasa hakuna anayerudi chini ya ardhi bila kuwa nacho. Programu ya Kimya ikaenea. Siku ile Mzee Gindu anakuja, watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameipitia: wachimbaji, madereva, askari wa zimamoto, wauguzi wa wodi za dharura.

Sasa fikiria jiwe limekaa mezani kwako, nawe una jina lako ukutani.

*

Nilimwita Nkwabi siku iliyofuata, nikisingizia ukaguzi wa kawaida. Alikuja na mfuko wa viazi vitamu, zawadi, kama desturi yake. Nikamvalisha kofia.

"Leo nitakupigia sauti za baruti," nilimwambia. "Wewe hesabu tu. Ni mashimo nane."

"Haya, dada Adve."

Mlipuko wa kwanza ulipolia, lozi iliruka kidogo, kama inavyopaswa. Wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Baada ya wa saba sikupiga kitu. Kwa mlipuaji yeyote, hapo ndipo moyo unapopanda kooni. Nilikitazama kioo cha mashine. Mstari wa Nkwabi ulianza kushuka. Ulipita kiwango cha mtu aliyepumzika, ukapita kiwango cha mtu aliyelala. Mabega yake yalilegea. Uso wake ukawa mzuri, sijui nisemeje vingine, ukawa mzuri kama wa mtu anayewekewa mtoto mchanga mikononi.

"Umesikia ngapi?" nilimuuliza.

"Saba."

"Nilikuambia ni ngapi?"

"Nane."

"Kwa hiyo unajua kwamba moja limebaki."

"Najua." Alifumbua macho. "Dada, mimi si mjinga. Jumanne pia nilijua. Nilijua kabisa baruti ipo pale na utambi unaweza kuwa unaungua polepole. Ila pale paliponyamaza niliona raha. Nilitaka kwenda kilipo kile kimya. Ni kama kuna mtu wangu ananiita."

"Hukuogopa hata kidogo?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama mwanafunzi anayetafuta jibu.

"Nilikumbuka kwamba zamani ningeogopa," alisema.

Nilimvua kofia, nikamshukuru kwa viazi, nikamwambia asishuke kwenye duara mpaka nimwite. Akaitikia vizuri. Alipotoka nilifunga mlango na kukaa chini sakafuni. Nilikuwa nimemfundisha mtu kupenda sauti ya hatari yake mwenyewe.

Kilichotakiwa kilikuwa wazi. Ningejaza ripoti mchana ule ule, programu ingesimamishwa na watu wote mia mbili na kumi na wawili wangeitwa. Nilifungua fomu. Nikaandika jina langu. Halafu nikajiambia kwamba kipimo kimoja si ushahidi, na kwamba kusimamisha programu ni kuwarudisha watu jehanamu kwa ajili ya kijiwe kimoja. Nikajiambia kwamba Nkwabi hashuki tena shimoni, basi hatari imekwisha. Sababu zangu zilikuwa nzuri sana. Nilijitia hamnazo kwa siku tano, na kila asubuhi nilipita chini ya ule mchoro bila kuinua macho.

*

Siku ya sita alikuja Sayi, peke yake, na kanga aliyojifunga ilikuwa ya juzi.

"Holo yuko hospitali," alisema. "Ametoka kwenye hatari, usisimame. Kaa unisikilize."

Nikakaa.

"Juzi alikuwa na homa kali. Analia kichwa, kichwa, kichwa. Nikamwachia baba yake nikimbilie duka la dawa. Kutoka pale nyumbani mpaka dukani ni hatua mia mbili, dada Adventina. Niliporudi, mtoto hasikiki. Naingia ndani, namkuta amekakamaa, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni. Degedege! Na baba yake amekaa pembeni ya kitanda, mikono magotini, anatabasamu. Namwambia, 'Baba Holo, mtoto anakufa!' Ananijibu, 'Amenyamaza, mama Holo. Amepata nafuu.'"

Niliuliza alimfikishaje hospitali.

"Nilimbeba mwenyewe. Yeye alinifuata nyuma, taratibu, kama anakwenda kanisani." Sayi alijifuta uso kwa pembe ya kanga. "Mzee Gindu ameniambia kwamba alikuja hapa. Siku nyingi zimepita tangu aje. Ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu ya kujificha nyuma yake.

"Nilijua," nilisema. "Siku saba zilizopita aliniambia. Siku sita zilizopita nilipima mwenyewe. Nikanyamaza."

Nilitarajia anipige, na nadhani ningeshukuru. Hakunipiga. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyekuwa ukimsifia kwa majirani.

"Basi kigeuze," alisema. "Kile ulichokifanya, kigeuze. Unaweza?"

"Naweza. Lakini hofu ikirudi, inarudi yote. Siwezi kumchagulia kipande. Kuna usiku atakuwa akipiga kelele. Kuna siku kifuniko kitaanguka tena."

"Najua kilichopo. Niliishi nacho. Mwite kama kawaida, mvalishe hiyo kofia, mgeuze kimya kimya. Usimuulize. Ukimuuliza atakataa, na mimi sina mtoto mwingine."

*

Alhamisi Nkwabi alikaa kwenye kiti chake, kofia kichwani, macho amefumba. Sayi alikaa nyuma ya kioo cha chumba cha pili. Kila kitu kilikuwa tayari kwenye mashine. Ningebadilisha mstari mmoja tu wa maagizo, na kuanzia hapo kimya kingeanza kumchoma badala ya kumbembeleza. Yeye asingejua. Baada ya masomo kadhaa angeamka siku moja anatetemeka, akadhani ni ugonjwa wa zamani umerudi wenyewe, angekuja kunilalamikia, nami ningempa pole.

Nakiri kwamba kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kilikaa pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kilichonizuia hakikuwa wema. Niliuona tu uso wake uliotulia, nikafahamu kwamba angekubali lolote kutoka kwangu kwa utulivu ule ule, na kwamba utulivu ule nilimpa mimi. Nilikuwa nataka kutumia kosa langu la kwanza kufanikisha la pili.

Nilimvua kofia. Nikamwita Sayi aingie. Nikamweleza Nkwabi yote, tangu jiwe mpaka zile siku tano, hata kile kitufe. Sayi alinikata jicho, lakini hakunikatiza.

Nkwabi alisikiliza bila kukunja uso.

"Mara ya kwanza," alisema, "uliniambia kimya kitanifanya nini?"

"Kwamba kitakuponya. Nilidhani hivyo."

"Na hofu? Unajua itanifanya nini?"

"Sijui yote. Najua kitu kibaya ilichokufanya kabla."

"Ilivunja bega la mwanangu." Alivitazama viganja vyake. "Ukinirudishia hiyo, dada, Holo nitamwambia nini? Amenizoea sasa. Analala mkononi kwangu. Niache nilivyo. Nitaacha baruti, nitaponda mawe huku juu. Nitakuwa salama."

"Degedege halikuwa shimoni," Sayi alisema.

"Nilidhani amelala, mama Holo."

"Ulidhani?"

Kikapita kimya, na nikaona kile kimya kinavyoingia usoni mwake, mabega yakianza kulegea. Yeye pia alikiona. Alijishika magoti kwa nguvu, kama mtu anayejizuia kuteleza.

"Hapana," alisema polepole. "Niliona macho yake. Niliona povu. Nilijua ni nini, dada yangu alikufa kwa kitu kile kile. Nilijua, na niliona raha." Alinigeukia. "Hata sasa nasema maneno haya najua kwamba inanipasa niumie. Nasubiri niumie. Hakiji kitu."

Sayi alianza kulia. Nkwabi alimshika mkono, kwa upole, kama unavyomshika mgeni msibani.

"Nirudishie," aliniambia. "Ila mpaka tujue nimekuwaje, nitalala kwa Mzee Gindu."

Mchana ule nilituma ripoti, na siku zile tano niliziandika kama zilivyokuwa. Cheti cha Nkwabi kilifutwa. Programu ya Kimya ilifungwa kabla ya jioni, na simu zikaanza kupigwa kwa watu mia mbili na kumi na mmoja. Wengine walinitukana. Muuguzi mmoja aliniomba kwa machozi nisimguse, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ajali ya basi analala. Mchoro niliushusha ukutani kwa mikono yangu. Mimi mwenyewe nilisimamishwa kazi. Niliruhusiwa kubaki na mtu mmoja tu, Nkwabi, kwa sababu alikataa mkufunzi mwingine.

*

Tulihitaji sauti ambayo ikikatika, kukatika kwake kuna maana. Mzee Gindu ndiye aliyeleta mawe, manane, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Aliye na haki ya kulitikisa alikuwa mmoja.

Holo alikubali kwa sharti kwamba mama yake akae karibu. Alikuwa amepona, amekonda kidogo, ana miaka saba na maneno ya mtu wa thelathini. Utaratibu ulikuwa hivi. Nkwabi anakaa na kofia, macho kafumba. Holo, hatua nne nyuma yake, anatikisa kopo. Ghafla anaacha. Lozi ya baba yake ikiamka kutafuta sauti imekwenda wapi, taa ya kijani inawaka mbele ya Holo, naye anatikisa tena. Tuzo ya Nkwabi sasa ilikuwa kumsikia mwanawe, na bei yake ilikuwa kumhofia.

Masomo kumi na moja yalipita bure. Kopo likinyamaza, mstari unashuka. Holo alichoka, akaanza kuniuliza kama mashine yangu ni mbovu.

"Baba hanisikii?"

"Anakusikia. Ndiyo shida yenyewe, hajui bado kukukosa."

Alinitazama kama anayemtazama mjinga, akalichukua kopo.

Somo la kumi na mbili lilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Alitikisa, akaacha. Mstari ulishuka kama kawaida, nikaanza kuandika sifuri kwenye daftari. Kisha ukasita. Ukatetemeka. Niliweka kalamu chini. Mgongo wa Nkwabi ulikakamaa kitini, shingo ikasimama mishipa, na mstari ukapanda, ukapita alama zote tulizoziweka, ukawa miiba mitupu niliyoikumbuka vizuri. Taa ya kijani iliwaka.

"Holo!"

Haikuwa sauti ya yule aliyekuja na viazi vitamu. Ilikuwa ya zamani, iliyopasuka, ya mtu aliyefunikwa na ardhi. Alikuwa amefumbua macho, jasho linamtiririka, anageuka huku na huku kumtafuta. "Holo! Holo uko wapi?"

Kopo lilianguka. Mawe yalisambaa sakafuni kwa kishindo, Nkwabi akaruka kutoka kitini, na mtoto akarudi nyuma mpaka alipokutana na miguu ya mama yake. Aliijua ile sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapanda wenyewe mpaka begani, pale mfupa ulipounga.

Nkwabi aliuona ule mkono. Alisimama pale pale alipofika, akakishika kiti kwa mikono yote miwili, na kiti kikawa kinatetemeka pamoja naye. Machozi yalimtoka sasa, mengi, ya siku zote zile.

"Usisogee," alimwambia. "Kaa hapo hapo kwa mama. Sisogei na mimi. Niambie tu kama upo."

Holo alimtazama mama yake juu, kisha akamtazama baba yake.

"Nipo, baba."

"Tena."

"Nipo," alisema Holo, na mkono wake haukutoka begani.